Weka Kidole Hapa: Safari ya Kipande, Kutoka Shingoni Hadi Mfukoni

Umewahi kusajili laini ya simu? Basi tukio hili unalijua. Wakala amekaa chini ya mwavuli wake kando ya barabara, ana kimeza kidogo na kiti kimoja cha plastiki cha mteja. Kama uko Tanzania, anakuuliza namba ya NIDA, kisha anakusogezea kimashine: "Weka kidole hapa." Kimashine kinagoma. "Futa jasho kwanza, halafu bonyeza tena." Kama uko Kenya, anataka kitambulisho, anakipiga picha mbele na nyuma, na kama ulipanga foleni mwaka 2022, wakati wa ile kampeni ya kusajili laini upya, huenda alikupiga picha na wewe mwenyewe. Dakika tano, umemaliza. Unaunga bando, unaendelea na maisha.

Sasa jaribu kuanzisha mazungumzo kwenye foleni hiyo. Uliza: hizi alama na picha zetu zinaenda wapi? Mara nyingi utapata moja ya majibu matatu. La kwanza: "Mimi sina cha kuficha." La pili: "Wanazo tayari, sasa nitafanyaje?" La tatu: "Mimi ni mtu mdogo, nani ahangaike kunitafuta?"

Siyo majibu ya kijinga. Ni majibu ya watu wenye shughuli nyingi. Lakini yote matatu yana kasoro moja: yanachukulia kwamba jambo hili ni jipya, limekuja na simu. Si kweli. Ukanda huu una zaidi ya miaka 100 ya uzoefu wa kuambiwa "weka kidole hapa", na babu zetu walishajaribu kulijibu. Twende nyuma kidogo, halafu tutarudi kwa wakala wetu.

Kidole kinapata kazi

Mwaka 1858, huko Bengal, India, ofisa mmoja wa Kiingereza aitwaye William Herschel alikuwa anaandikiana mkataba na mkandarasi wa vifaa vya kutengenezea barabara, Rajyadhar Konai. Herschel alimwambia Konai apake wino kiganjani na agandamize mkono mzima juu ya karatasi. Hakuwa na nadharia yoyote ya kisayansi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitaka kumtisha tu Konai asije baadaye akaikana sahihi yake. Ilifanya kazi, akaendelea kukusanya alama za watu kwa miaka mingi.

Huko Uingereza, Francis Galton alizichukua alama hizo akazichunguza kwa hesabu, na mwaka 1892 akatoa kitabu kuhusu alama za vidole. Galton alikuwa muumini wa nadharia za ubora wa mbari, na alitumaini kwamba mistari ya vidole ingemwonyesha mtu ni wa mbari gani na ana tabia gani. Alilinganisha alama za watu wa asili mbalimbali. Hakupata kitu. Kidole, kwa lugha nyepesi, hakina kabila. Likumbuke hilo, tutalihitaji.

Tatizo lililobaki lilikuwa la makabati. Ukiwa na karatasi laki moja zenye alama za vidole, utaipataje moja? Jibu lilitoka Calcutta, kwenye ofisi ya polisi iliyoongozwa na Edward Henry, lakini wahesabuji waliofanya kazi yenyewe walikuwa Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Wazo lao ukilivua nguo za kitaalamu ni hili: tazama kila kidole, jiulize kama mistari yake imejizungusha kama maji yanayozama kwenye shimo, au haijajizungusha. Ndiyo au hapana. Vidole ni 10, kila kimoja kina majibu mawili, kwa hiyo 2 mara 2 mara 2 hadi mara kumi, unapata 1,024. Tengeneza vyumba 1,024 kwenye kabati, na kila binadamu ana chumba chake cha kuanzia. Badala ya kupekua laki moja, unapekua mafungu madogo. Mwaka 1897 ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta, na mwaka 1901 Scotland Yard ya London ikauchukua mfumo huo. Uliitwa mfumo wa Henry. Haque na Bose walisubiri miaka mingi kabla ya mchango wao kutambuliwa.

Angalia kilichotokea hapo. Kabla ya kabati, alama ya kidole ilimfunga mtu mmoja kwenye mkataba mmoja. Baada ya kabati, serikali ingeweza kumtafuta mtu yeyote miongoni mwa maelfu. Nguvu yote ilikuwa kwenye kabati.

Kipande shingoni

Kabati hilo likasafiri hadi kwetu. Mwaka 1915, serikali ya kikoloni ya eneo ambalo leo ni Kenya ilipitisha sheria ya kuwasajili wenyeji. Vita Kuu vya Kwanza vikachelewesha utekelezaji, lakini kufikia 1919 na 1920 kazi ilikuwa imeanza. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kuwa na cheti chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, na historia yake ya kazi: nani alimwajiri, tangu lini, kwa mshahara gani. Cheti kiliwekwa ndani ya kikopo cha chuma, na watu walikivaa shingoni kwa kamba. Wenyewe walikifananisha na kengele ya mbuzi. Jina lililobaki ni kipande.

Neno hilo lilivuka mpaka pia, ingawa kwa maana tofauti kidogo. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi: mpaka siku zitimie ndipo ulipwe. Kote kuwili, karatasi iliunganisha mwili wa mtu na kazi ya mtu mwingine.

Kile cha Kenya kilifanyaje kazi? Tuseme umeajiriwa kwenye shamba la mlowezi. Mwajiri anaandika kwenye kipande chako. Ukitaka kuondoka, lazima atie sahihi kwamba amekuachilia. Akikataa, au ukiondoka bila sahihi, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Polisi akikusimamisha barabarani, anasoma kipande na anaona kwamba bado una "mwenyewe". Alama zako ziko Nairobi kwenye kabati, kwa hiyo hata ukibadilisha jina haikusaidii sana. Na ukifanikiwa kuondoka kihalali, mwajiri mpya anasoma mshahara uliokuwa unalipwa na hana sababu ya kukupa zaidi.

Hapo ndipo jibu letu la kwanza linapoanza kuyumba. Mfanyakazi huyu alikuwa anaficha nini? Hakuna. Hakuiba, hakuua. Kipande hakikuhitaji awe na siri. Kilihitaji tu kwamba wengine wayajue yake kabla hajafungua mdomo, naye asiyajue yao. Mwajiri hakuvaa kikopo kilichoandikwa ndani yake kwamba huwa anachelewesha mishahara.

Mwendesha simu wa hazina

Mtu aliyeligeuza suala la kipande kuwa siasa alifanya kazi na teknolojia mpya ya siku zake. Harry Thuku alikuwa mwendesha simu katika ofisi ya hazina ya serikali, Nairobi. Mwaka 1921 alishiriki kuanzisha chama cha vijana wa Kikuyu, kisha chama kipana zaidi cha East African Association, kilichotaka watu wa makabila yote. Madai yalikuwa ya kila siku kabisa: kodi kubwa, mishahara iliyopunguzwa na walowezi, wanawake na wasichana kulazimishwa kazi, na kipande.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kutaka aachiliwe. Tarehe 16 Machi, mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru alipoona wanaume wanasitasita, aliinua nguo yake mbele yao. Kwa mila, hiyo ilikuwa aibu na changamoto kubwa. Umati ukasogea, polisi wakafyatua risasi, na Wazungu waliokuwa kwenye hoteli ya Norfolk iliyokuwa karibu nao wakapiga. Hesabu rasmi ilikuwa watu 21 waliouawa. Waliokuwepo walisema ni wengi zaidi. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliokufa. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu.

Kuna jambo moja hapa naomba usilipite haraka. Muthoni hakuwa na kipande, kwa kuwa sheria ilihusu wanaume tu. Pale uwanjani, kwa mantiki ya jibu letu la tatu, hakuwa mtu wa kutafutwa na mtu. Alikwenda hata hivyo.

Siku walowezi walipoambiwa nao waweke kidole

Kipande hakikuanguka 1922. Kilidumu miaka mingine 25, kikipingwa muda wote. Baada ya Vita vya Pili, wanajeshi Waafrika waliporudi na chama cha KAU kilipopata nguvu, serikali ilisalimu amri kwa namna yake. Sheria mpya ya mwaka 1947 ikasema: haya, basi hakuna tena kusajili Waafrika peke yao. Kila mwanamume, wa kila mbari, atasajiliwa na atatoa alama za vidole.

Unadhani walowezi walisemaje? "Hatuna cha kuficha"? La. Walikuja juu. Kuchukuliwa alama za vidole, walilalamika, ni kudhalilishwa, ni mambo ya wahalifu. Kelele zilikuwa kubwa mpaka serikali ikaunda tume ya kuchunguza suala hilo, na njia ikapatikana ya kuwawezesha wasome na waandishi watumie picha na sahihi badala ya vidole.

Kumbuka ugunduzi wa Galton kwamba kidole hakina kabila. Kisayansi, kidole cha mlowezi na cha kibarua wake vilikuwa kitu kimoja. Lakini kwa miaka zaidi ya 25 mlowezi aliona kipande kuwa utaratibu wa kawaida tu wa utawala, na siku alipoambiwa na yeye apake wino, akagundua ghafla maana ya faragha. Kwa hiyo siku ukitaka kujua kama mfumo fulani ni wa haki, usimuulize anayeusimamia kama ni mzuri. Muulize kama naye yuko tayari kuwekwa ndani yake kwa masharti yaleyale.

Bendera ilibadilika, kabati likabaki

Mtu anaweza kusema hayo ni ya mkoloni, yameisha. Kwa sehemu ni kweli. Lakini makabati yana tabia ya kupata kazi mpya. Mfumo ulioanzishwa kwa ajili ya vibarua ulikuwa tayari umeshaandaa nchi kwa hali ya hatari ya 1952. Katika msako mkubwa wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, watu walisimamishwa, wakatenganishwa kwa kabila, karatasi zao zikakaguliwa, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kizuizini.

Baada ya uhuru, kitambulisho kikawa cha raia. Wanawake wa Kenya waliingizwa kwenye sheria ya usajili mwaka 1978, miaka 15 baada ya uhuru. Na mwaka 1989, serikali huru iliwapitisha Wakenya wa asili ya Kisomali kwenye uhakiki wa pekee yao na kuwapa kadi ya ziada ya rangi ya waridi. Serikali ilikuwa ya Waafrika. Swali lilikuwa lilelile: tuonyeshe wewe ni nani, kwa namna ambayo jirani yako haulizwi.

Hapa lazima niseme jambo linaloichanganya hadithi yangu, maana ningeishia hapo ningekudanganya. Wapo watu ambao tatizo lao halikuwa kuandikwa. Tatizo lao lilikuwa kutoandikwa. Wanubi wa Kenya ni wazao wa askari wa asili ya Sudan walioletwa na Waingereza na kupewa makazi Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa miongo mingi, kijana wa Kinubi aliyefika miaka 18 alipitishwa kwenye kamati ya uhakiki, akadaiwa vyeti vya wazee wake, akaambiwa aje wiki ijayo. Bila kitambulisho huwezi kupata laini, akaunti ya benki, kazi rasmi, wala kura. Kwao, kadi ile ambayo Thuku aliipinga ilikuwa ndoto.

Huduma Namba inafika mahakamani

Ndiyo maana kesi kubwa zaidi ya data binafsi katika historia ya Kenya ina jina lao. Mwishoni mwa 2018, marekebisho ya sheria yaliyopitishwa pamoja na mambo mengine mengi yaliunda mfumo mmoja wa taifa wa utambulisho, ambao wananchi waliujua kama Huduma Namba. Sheria iliruhusu kukusanya alama za vidole, picha, na hata vinasaba, yaani DNA, pamoja na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Usajili wa umma ungeanza 2019.

Nubian Rights Forum, pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya na ile ya kitaifa ya serikali, walikwenda Mahakama Kuu. Hoja ya Wanubi ilikuwa na pande mbili, na ndiyo sababu ninaipenda. Walisema: mkikusanya vingi hivi bila sheria ya kuvilinda, mnavunja kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinacholinda faragha. Na walisema pia: mkifanya huduma zote zitegemee namba hii, sisi ambao hatuna karatasi za kuanzia mtatufungia nje moja kwa moja.

Tarehe 1 Aprili 2019 mahakama ilitoa amri za muda: usajili uendelee, lakini usiwe wa lazima, DNA isichukuliwe, na mtu asinyimwe huduma kwa kukosa namba. Serikali ikatangaza kuwa ilisajili zaidi ya watu milioni 30. Novemba mwaka huohuo Sheria ya Kulinda Data ikatiwa sahihi. Tarehe 30 Januari 2020, majaji watatu wakatoa hukumu: vipengele vya DNA na setilaiti ni kinyume cha Katiba, na mfumo mzima usiendelee mpaka kuwe na kanuni kamili za kuulinda. Serikali ilipoanza kutoa kadi, kesi nyingine ya Katiba Institute ilifika mahakamani, na tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akaamua kuwa utoaji wa kadi ulikiuka sheria, kwa sababu tathmini ya athari kwa data za watu haikufanyika kwanza.

Sasa lile jibu la pili, "wanazo tayari." Mwaka 2021 walikuwa nazo tayari, za mamilioni ya watu. Mahakama haikusema yamepita. Ilisema kuwa nazo hakukupi ruhusa ya kuzitumia utakavyo. Kukusanya ni hatua moja, kutumia ni nyingine, na kila hatua ina mlango ambao mwananchi anaweza kuuzuia.

"Ni wewe?" na "Ni nani huyu?"

Kabla hatujarudi kwenye mwavuli, dakika moja ya sayansi. Simu yako inapofunguka kwa kidole, huwa inauliza swali dogo: ni wewe? Inalinganisha kidole chako na muhtasari wa kidole hichohicho, na katika simu nyingi za sasa muhtasari huo unakaa ndani ya simu yenyewe. Ni kama mkataba wa Konai: mtu mmoja, jambo moja.

Kanzidata kuu inaweza kuuliza swali kubwa zaidi: ni nani huyu? Hapo kidole kimoja kinalinganishwa na vya mamilioni. Ni kabati la Calcutta, ila sasa vyumba 1,024 vimekuwa kompyuta inayojibu kwa sekunde. Ndiyo maana "lakini hata simu natumia kidole" si hoja kamili. Kidole ni kilekile, swali ni tofauti.

Na kuna tofauti mbili zaidi na neno la siri. Neno la siri likivuja, unalibadilisha. Kidole huwezi. Pia mistari ya vidole huchakaa: kwa umri, kwa jembe, kwa saruji, kwa kufua nguo za watu. Mara nyingi watu ambao kimashine kinawakataa ni walewale ambao vidole vyao vimefanya kazi nyingi zaidi.

Tukirudi kwa wakala

Sikushauri ukatae kusajili laini. Utarudi nyumbani bila mtandao, na wakala hana kosa. Thuku, Muthoni na Wanubi hawakudai dunia isiyo na karatasi. Walichopigania ni masharti: nani anaandika, nani anasoma, ni kwa kazi gani, na nani ana haki ya kusema hapana bila kupoteza riziki.

Masharti hayo leo yapo kisheria, ingawa wengi hatuyajui. Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa data zako zinatumika kwa nini, kuziona, kuomba zisahihishwe na kupinga matumizi fulani, na kuna ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data inayopokea malalamiko. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake. Ofisi hizi zinaishi kwa malalamiko. Kama hakuna anayelalamika, ripoti itasema kila kitu ni shwari.

Kwa hiyo anza na kitu kidogo. Jengo linalokuomba kitambulisho getini na kuandika namba yako kwenye daftari lililo wazi kwa kila mgeni: uliza daftari hilo linakaa muda gani. Programu ya mkopo inayotaka orodha yako yote ya namba za simu: uliza kwa nini, na ukikosa jibu, ifute. Serikali ikitangaza maoni ya umma kuhusu mfumo mpya, tuma aya moja, hata kwa Kiswahili cha kawaida. Ukisukumwa pembeni, uliza tena.

Na siku nyingine kwenye foleni, mtu akisema hana cha kuficha, usibishane naye. Mwambie habari za kikopo cha chuma kilichovaliwa shingoni, halafu mwulize: wewe ungekubali, kama bosi wako naye angevaa?